Mwali Aliyetolewa na Njaa

Wiki kumi na mbili nzima Yustina ndiye aliyekaa na ufunguo wa kabati la chakula. Alikuwa ameufunga kwenye uzi, ukaning'inia shingoni ndani ya shati la shule, na aliyempa ni kaka yake mwenyewe, Gabrieli.

"Hata nikikupigia magoti, usinipe," alimwambia siku ile. "Hata nikikutukana. Hata nikikwambia mama kasema. Umesikia, Yusta?"

Yustina akaitikia kwa kichwa. Alikuwa kidato cha pili, na maneno kwake yalikuwa yanatoka kwa shida. Darasani akiulizwa swali aliinamia daftari mpaka mwalimu achoke amuulize mwingine. Lakini kumnyima mtu kitu kwa kukaa kimya, hiyo aliona ni kazi anayoiweza.

Walikuwa wanakaa wawili tu, vyumba viwili vya kupanga huko Kihonda. Mama yao alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi. Gabrieli alikuwa kiwandani mpaka kiwanda kilipouzwa, wamiliki wapya wakaja, wakapunguza watu nusu, na yeye akawa kwenye ile nusu. Tangu hapo akahamia kwa Alois. Alois, mwalimu wa kutunisha misuli, alikuwa na uwanja wake nyuma ya gereji, umeezekwa mabati upande mmoja, na vyuma vyake vya kunyanyua vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Ukutani kabandika picha za Wazungu wametuna kama magunia. Alimzunguka Gabrieli mara mbili, akamwambia: "Mwili unao. Umefunikwa tu. Tukikufunua, hakuna mtu Morogoro nzima."

Kumfunua ndiko kulikotaka ufunguo. Gabrieli akawa anakula ute wa mayai, perege wa kuchemsha bila chumvi, na mchicha. Viini vya mayai vilikuwa vinabaki, na kwa kuwa chakula hakitupwi, alivila Yustina. Kaka anakwisha, mdogo mtu sketi ya shule inambana. Jirani yao Mama Hosiana akamwita siku moja bombani, akamuuliza kwa sauti ile ya chini ambayo miaka ile watu waliitumia kwa ugonjwa mmoja tu: "Mwanangu, kaka yako anaumwa?" Yustina akainamia ndoo.

Siku mbili za mwisho Gabrieli hakunywa hata maji. Alikuwa anasukutua, anatema, anakaa anayatazama yale aliyoyatema.

Basi siku ya mashindano ya kutunisha misuli ikafika, ukumbi ukajaa. Gabrieli akatokea kapakwa mafuta mwili mzima, na Yustina, kiti cha nyuma kabisa, akaona chini ya ngozi ya kaka yake vitu ambavyo hakujua kwamba binadamu anavyo: kamba, mafundo, mistari. Watu wakasimama juu ya viti. Gabrieli akawa wa kwanza. Yustina alipomfuata nyuma ya jukwaa akamkuta kakaa kwenye kreti la soda, kikombe mapajani, midomo imepasuka.

"Yusta," akasema taratibu, "nina njaa mpaka masikioni."

Hapo ndipo alipokuja Abdi, mpiga picha kutoka Dar. Kuna kampuni mpya ya saruji, akasema, inataka kuweka bango kubwa pale Msamvu, mwanaume kabeba mfuko wa saruji bega moja, milima ya Uluguru nyuma yake. Atakayekaa kwenye bango atapewa na kazi, azunguke mikoani kuitangaza.

"Sasa hivi taa za humu mbaya, na mimi nataka jua," Abdi akasema. "Nakuja nyumbani siku ya kumi na nne kuanzia leo. Wewe uwe hivihivi. Usibadilike hata kidogo."

"Sibadiliki," Gabrieli akasema.

Kesho yake asubuhi akaingia Bibi.

Bibi Cecilia, mama wa mama yao, alikuwa ameshuka kutoka Mgeta na mizigo mitatu: viazi, magimbi, na nyama ya nguruwe ya kukausha imefungwa kwenye majani ya mgomba. Habari zilikuwa zimemfikia huko juu milimani kwamba mjukuu wake kawekwa ndani kama mwali, anapakwa mafuta, atatolewa mbele za watu.

"Shikamoo, Bibi," Yustina akapokea mzigo.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko wapi?"

Gabrieli akatoka chumbani kajishikilia mlango. "Nipo, mke wangu. Shikamoo."

Bibi akamshika shavu, akalivuta, likarudi taratibu kama utando wa maziwa.

"Nani kakuweka ndani?"

"Mwalimu Alois."

"Wiki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ukapakwa mafuta, ukatolewa, watu wakashangilia?"

"Sana, Bibi. Nimekuwa wa kwanza."

"Na hawakukulisha."

"Ndiyo mashindano yenyewe yalivyo."

Bibi akakalia gunia la viazi. "Mimi nimetoa mabinti wangapi kule kwetu, wala sijaona kitu cha hivi. Mwali analishwa ndani mpaka shingo inapiga mikunjo, ndiyo anatoka, watu wajue kwao kuna chakula. Nyie mmemtoa na njaa. Watu wamekuona hivi? Wote? Halafu wakajua wewe ni wa ukoo wangu?"

Yustina alitaka kusema kwamba huyu ni mwanaume, na ule ni mchezo, na kuna mtu wa Dar anakuja. Maneno yakajipanga vizuri tu kichwani, yakafika kooni, yakakaa.

"Tutarekebisha," Bibi akasema. "Siku kumi na nne, ndani, hatoki. Hilo kabati mbona limefungwa? Nani ana ufunguo?"

Yustina akamtazama kaka yake. Alikuwa amejiandaa kwa magoti, kwa matusi, kwa uongo wa mama kasema. Hakuwa amejiandaa kwa Gabrieli kunyamaza, anatazama ukuta, wakati mkono wa Bibi umenyooka na vidole vinaita. Kaka hajaomba. Mkubwa kaomba. Hapo mtu anafanyaje? Akavua uzi shingoni, akautoa.

Siku ya kwanza Gabrieli alikula huku analia, na Yustina hakujua ni kilio cha nini. Alikula wali, akala viazi juu ya wali, akala nyama ya nguruwe kwa chumvi ya mawe, akasimama, akakaa, akala tena. Bibi akawa anamkanda na mafuta ya nyonyo na kumwimbia nyimbo za Kiluguru ambazo huimbiwa mabinti, na Gabrieli, aliyekuwa akinyanyua makopo mawili ya zege, akalala kwenye mkeka kama mtoto.

Kwenye mashindano alikuwa na kilo sabini na moja. Siku ya tano Yustina akamshawishi watoke kwa mlango wa uani, wakaenda kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Dakawa aliyekuwa na mzani wa magunia. Gabrieli akapanda. Themanini. Mwenye mzani, alipoambiwa zile kilo za mwanzo, akacheka: "Kijana, umeongeza kigunia kizima." Gabrieli akashuka, akapanda tena, kana kwamba mzani umekosea mtu.

Kufika siku ya tisa macho yalikuwa yamebaki mistari. Miguu ikajaa, soksi zikiacha alama kama za kamba. Akaketi kizingitini, akabonyeza ugoko kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Wote wawili wakalitazama likijaa polepole.

"Yusta, tumbo limejaa kabisa. Lakini njaa ipo palepale. Sasa inakaa wapi?"

Yustina akafungua kitabu chake cha baiolojia, akakuta vyakula vya kujenga mwili na vya kulinda mwili; juu ya mwili unaokataa kushiba hakukuwa na ukurasa.

Alois akaja, akapigwa na butwaa mlangoni. "Nilisema apumzike na ale. Sikusema alishwe. Chumvi yote hiyo, si inamjaza maji? Bibi, huyu anapigwa picha Alhamisi."

"Mwanaume haingii alipo mwali," Bibi akamjibu, ufagio mkononi. "Uliyemtesa ni wewe. Toka."

Mama Hosiana naye, bombani: "Kaka yako kapona eh? Kanenepa, Mungu mkubwa." Siku tatu baadaye, sauti ya chini ikarudi: "Mbona kavimba uso? Mmempima figo?" Ikawa Yustina hajui lini kaka yake alikuwa mgonjwa na lini mzima. Alipokuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta, watu walipanda juu ya viti kumshangilia. Sasa anapumua, analala, anacheka na Bibi, na watu wanamwonea huruma.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, pikapu ya kampuni ikasimama nje. Jua zuri, milima imetakata hata vibanda vya juu vinaonekana. Bibi alikuwa uani anakoleza moto. Abdi akashuka na kamera yake na mfuko wa saruji begani. Mwanaume mwingine, mwenye tai, akabaki amekaa mbele ndani ya gari.

Gabrieli ndiye aliyefungua mlango.

"Habari za asubuhi, bwana. Namtafuta Gabrieli."

"Amesafiri," Gabrieli akasema. "Yuko Kisaki. Treni ndivyo hivi zinavyosumbua. Mimi ni kaka yake mkubwa."

Abdi akamtazama usoni, akatazama picha aliyokuja nayo, akamtazama tena. Halafu akageuka kwa Yustina, aliyekuwa kasimama nyuma na ufagio.

"Eti dada, ni kweli?"

Yustina akaona kaka yake anamwangalia kwa yale macho ya mistari. Akakumbuka mkono wa Bibi, na uzi ukitoka shingoni, na jinsi alivyonyamaza siku ile na kilichofuata. Akajiambia, safari hii sema. Safari hii usikae kimya.

"Ndiye huyu," akasema, na sauti yake ikatoka safi kuliko alivyotarajia.

Mwanaume wa ndani ya gari akainama kuchungulia dirishani. Akatazama vizuri, tangu juu hadi chini, akasema neno moja na dereva.

Abdi akashusha mfuko wa saruji. Hakukasirika, alionekana kachoka tu. "Ungeniacha niamini, dada yangu," akamwambia Yustina taratibu, kaka mtu asisikie, ingawa alisikia. "Bango linachorwa mwezi ujao. Mtu akiwa kasafiri, nasubiri. Sasa bosi kashamwona."

"Wiki nane," Gabrieli akasema. "Nipe wiki nane."

"Kuna yule aliyekuwa wa pili, Godfrey. Naambiwa bado yuko vilevile."

Pikapu ikageuza. Gabrieli akabaki anaitazama milima, ambayo ilikuwa mahali pake palepale, tayari kupigwa picha.

Bibi akatoka uani anafuta mikono. "Wale wageni mbona wameondoka bila kula?"

Gabrieli akamwendea, akamwomba ufunguo kwa adabu, mikono miwili, na Bibi akautoa kwenye pindo la kanga akidhani anataka kupakua. Akaja nao kwa Yustina.

"Mashindano mengine Agosti," akamwambia. "Shika."

Yustina akautazama. Ulikuwa na mafuta ya nguruwe, uzi umekuwa mweusi. Nyuma ya kaka yake Bibi alikuwa amesimama, kichwa kimeinama upande, anasubiri kuona. Akinyamaza na kuupokea, ni ile njaa ya masikioni tena. Akisema hapana, hajui anamkatalia nani. Yule wa jukwaani au huyu. Na wote wawili walikuwa wanamwita Yusta.

Akauchukua. Hakuuvaa. Akautundika kwenye msumari pembeni ya mlango, mahali ambapo yeyote angeufikia, akakaa kizingitini na kitabu chake cha baiolojia mapajani, akisikiliza ni miguu ya nani itakayotangulia kuufuata.