Shangazi Si Mtu Yeyote

Nasaha za kwenda Marekani hazina bei. Kila mtu anazo na kila mtu anazigawa. Hadiya alipopata kazi ya likizo ya chuo, miezi mitatu katika hoteli moja Houston, mtaa wao mzima pale Mombasa uligeuka mwalimu. Beba sweta hata kama ni kiangazi, maana ndani ya majumba yao kuna baridi ya kugandisha mchuzi. Usichelewe kazini. Ukisimamishwa na polisi, mikono iwe inaonekana. Na shirika lililompeleka likampa kijitabu cha kurasa arubaini, ukurasa wa sita ukiwa umeandikwa kwa herufi nene: pasipoti yako usimpe mtu yeyote.

Hadiya aliusoma ukurasa huo mara mbili. Kisha akashuka Dallas, akapokewa na Bi Mwanakhamis, binamu wa baba yake, na kabla gari halijafika nyumbani kwake, kitongoji cha Richardson, akawa ameshampa pasipoti, tena kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu. Usimcheke. Kijitabu kilisema mtu yeyote. Shangazi si mtu yeyote, shangazi ni shangazi. Akikwambia, "Lete nikuwekee, mwanangu, kwangu wapita watu wengi," utamjibu nini? Utamwambia ukurasa wa sita unakataa?

Mpango ulikuwa apumzike siku nne, kisha apande basi la Houston. Lakini Bi Mwanakhamis ni mpishi wa harusi, na Juni ni mwezi wa harusi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Hadiya lilikuwa sambusa. Alikaa mezani na Esperance, msichana wa Bukavu aliyekuja miaka mitatu nyuma kwa kazi ya likizo vilevile, wakikunja manda tangu asubuhi mpaka mgongo unakataa kunyooka. Siku ya tano ikapita, ya sita, ya saba. Kila Hadiya akitaja Houston, shangazi ana neno. Houston huna mtu. Joto la kule hutaliweza. Nimeshaongea na baba yako, amesema ukae na mimi.

Na kweli baba alikuwa amesema. Hadiya alimpigia simu, akaambiwa asimvunjie heshima mkubwa wake. Akakata simu akalia kwa hasira, maana Jumatatu asubuhi ndiyo mwisho: asipofika hotelini na pasipoti mkononi, shirika linafuta kila kitu na yeye anarudishwa nyumbani. Nafasi ile alikuwa ameihangaikia mwaka mzima.

"Vumilia tu," Esperance, aliyezoea kumwita shangazi Mama, alimwambia kwa sauti ya chini. "Mama hapendi makelele."

"Hata mimi siyapendi," Hadiya akasema. "Nataka pasipoti yangu."

Jumamosi adhuhuri wakaja wateja kutoka Plano, mji wa jirani, kuonja biriani: Bi Intisar, Mzanzibari anayemwoza binti yake, pamoja na dada zake wawili. Sebule ilinukia udi. Bi Mwanakhamis alikuwa amevaa dhahabu yake yote na kutoa maneno yake matamu yote. Hadiya alikuwa ameshaiomba pasipoti jikoni mara nne, kwa adabu, na mara nne akaambiwa kesho. Mambo ya jikoni huishia jikoni. Basi akanawa mikono, akavaa viatu, akaliburuta begi lake hadi sebuleni, mbele ya wageni.

"Shikamooni, mama zangu." Wakaitikia. "Shangazi, naondoka, basi langu ni saa tisa. Nimekuja kuchukua amana yangu."

Wewe uliyelelewa pwani unalijua neno hilo. Angesema pasipoti, lingekuwa ombi la mtoto, na ombi la mtoto hujibiwa kesho. Amana haina kesho. Mwenyewe akiitaka, hupewa. Na anayeizuia huitwa mnafiki, na mnafiki hapewi harusi ya watu akapike.

Bi Mwanakhamis akacheka. "Mtoto huyu ana utani. Kaa ule kwanza, tutaongea."

"Nimeshiba, shangazi. Naomba amana yangu." Macho hakuyainamisha. Alikuwa na hofu, ila hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Na baba yako nitamwambia nini?"

"Mwambie nimekataa. Ukiona vigumu, nitamwambia mwenyewe."

Bi Intisar akaweka kijiko chini. "Mwanakhamis," akasema polepole, "amana gani hiyo?"

Bi Mwanakhamis aliinuka, bangili zikigongana, akafungua kabati la vyombo vya wageni na kutoa bahasha ya kaki. Aliivuta kwa ghadhabu. Bahasha ikapasuka, na mezani, kando ya sinia la biriani, zikaanguka pasipoti mbili.

Hadiya alichukua yake, akaifungua, akaitazama picha, akaitia kwenye mkoba. Ile nyingine ikabaki pale pale, na wageni wote watatu wakawa wanaitazama.

"Haya, nenda," shangazi akasema. "Na ukipata shida huko, nyumba hii usiijue."

"Sawa, shangazi. Ahsante kwa chakula."

Esperance alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, unga umemjaa hadi viwikoni. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaja mpaka mezani. Pasipoti hakuiokota. Alinyoosha mkono mbele ya Bi Mwanakhamis.

"Na yangu, Mama. Unipatie."

"Wewe nawe unakwenda wapi?"

"Bado sijajua," Esperance akasema, na mkono haukushuka. "Unipatie kwanza."