Gitaa Lililokataa Upako

Honoré, kiongozi wa kwaya, alitoa ahadi ile mbele ya watu wote, huku akicheka: mwanamke atakayekuja na gitaa lake mwenyewe, atalipiga. Alijua vizuri anamsema nani. Mwavita alikuwa mpiga gitaa wa kanisa lao kule Uvira kabla vita havijamvusha mpaka, na tangu afike huku Mutakura kila akiomba nafasi aliambiwa akina mama waimbe tu.

Basi akalitengeneza. Mchana alikuwa akipiga msasa viti kwenye karakana ya seremala; jioni mwenye karakana alimwachia kipande cha ubao wa libuyu, ule mgumu wa kutengenezea samani, na kona ya meza. Nyaya na sumaku za kunasa sauti alizing'oa kwenye gitaa bovu la umeme. Rangi ya kung'aa hakuitaka, maana ingeuficha ubao. Alichagua mafuta ya kitani, yale yanayoingia ndani ya ubao na kukauka humo humo. Alidondosha kidogo kiganjani, akasugua mpaka kiganja kikapata moto, akapangusa yaliyobaki, akaacha likauke, akapitisha msasa laini, akaanza upya. Kazi ile haitaki papara. Mafuta yakizidi juu, ubao hubaki unanata kama meza ya baa. Lilipokauka, Mwavita, ambaye si mtu wa majivuno, alijisifu peke yake kwa sauti.

Jumapili alipoingia nalo kanisani, kicheko cha Honoré kilikatika. Akatafuta pa kutokea, na akapaona.

"Chombo ya Mungu inapashwa kupakwa upako kwanza. Si vile, Papa Pasta?"

Pasta Anselme alikuwa mtu wa moyo mkunjufu, na kwenye upako hakuwa bahili. Aliinamisha chupa ya mafuta ya zeituni, yakatiririka tumboni mwa gitaa mpaka shingoni.

"Papa Pasta, inatosha!" Mwavita alishindwa kujizuia. "Ile mafuta ya kula haikaukake ku mbao. Niache nipanguse."

"Maman, upako haipangusiwake," Honoré alisema, na watu wakaguna. Gitaa likafungiwa kabatini wiki nzima.

Jumapili iliyofuata Honoré alilitoa kwa vidole viwili. Lilikuwa bado limelowa, linanata, vumbi limeganda kila mahali. Akalinyanyua kanisa zima lione.

"Muone! Upako imekataa kuingia. Mutu mwenye alitengeneza hii kitu, kuko kitu anaficha."

Mwavita alitaka kueleza tena habari ya yale mafuta. Lakini ukweli alishausema, na ulimfikisha wapi? Pasta akamwinamia, kwa upole usio na unafiki wowote.

"Mutoto yangu, tubu tu, mambo iishe. Tutaisafisha, na utapiga."

Utapiga. Kwa neno hilo angekiri hata kuua. Akapiga magoti, akatafuta dhambi ya kufaa, akaikosa, akatunga moja: alilitengeneza kwa kiburi, apate kuwazidi wanaume. Kanisa likalipuka kwa haleluya. Akapewa kitambaa, na pale pale mbele ya watu akalipangusa na kulisugua mpaka likaacha kunata. Kisha akanyoosha mkono kuuchukua waya wa spika.

"Apana, maman." Honoré aliuwahi, taratibu kabisa. "We mwenyewe umesema ulifanya na kiburi. Tukikupa leo, si tutakuangusha tena?"

Mwavita akamtazama Pasta. Pasta akafungua Biblia yake na kuanza kutafuta ukurasa.

"Basi nirudishie gitaa yangu."

"Ilishapakwa upako. Sasa ni ya kanisa."

Akaitwa Xavier, mpwa wa Honoré, akachomeka waya, akapiga. Gitaa lilitoa sauti safi, tamu kuliko hata alivyotarajia mwenye kulitengeneza, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mama aliyesimama kando yake akamkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka.

"Bwana asifiwe, maman. Leo umefunguliwa."

"Amina," Mwavita akaitika.