Ufunguo wa Choo cha Wageni

Mwalimu wa uraia alikitamani kiti cha naibu mkuu mpaka usingizi ukampaa. Kiti kilikuwa wazi, na mkuu wa shule, bwana wa suti ya kijivu na maneno ya asali, alimwita ofisini.

"Maofisa wa elimu wanakuja. Wafundishe wanafunzi kudai mabadiliko shuleni. Wakidai vizuri, kiti ni chako. Ila wadai maua."

"Maua, mkuu?"

"Bustani, hapo mbele ya ofisi yangu. Mbegu tumeshanunua."

Basi mwalimu akaunda kikundi, akajitosa mzimamzima. Balaa lake ni kwamba alikuwa mwalimu mzuri kweli. Aliwafundisha wasilalamike pembeni bali wamkabili mwenye uamuzi, kwa adabu, na wakiambiwa "tutaliangalia" waulize "lini?" Vijana wakaiva. Aliyeiva kuwashinda wote ni binti yake mwenyewe, ambaye shuleni alipigwa marufuku kumwita baba.

Nyumbani, binti huyo hakuwa akigusa chai ya asubuhi. Mama yake alibembeleza, akafoka, akachoka. Mwalimu alisema hayo ni mambo ya wasichana, akafunua gazeti lake. Jambo lenyewe alilijua fika, ila hakutaka kulijua. Choo cha wasichana hakikuwa na hata mlango mmoja, kwa hiyo walijibana kutwa nzima. Nyuma ya ofisi kulikuwa na choo kipya cha vigae, kimefungwa kikisubiri wageni. Ufunguo alikabidhiwa mwalimu, na alitembea nao kwa madaha utadhani cheo ameshapewa.

Siku ya ugeni ukumbi ulifurika. Binti akasimama mbele ya maofisa.

"Waheshimiwa, tulifundishwa tudai maua. Maua tutayapenda. Lakini sisi wasichana tunataka choo cha wageni kifunguliwe, tukitumie."

Mkuu akatabasamu kwa meno tu. "Wazo zuri sana. Tutaliangalia."

"Lini?" kikundi kizima kikaitikia.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapohapo ofisa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akainuka. "Hebu nikione hicho choo."

"Ah, mama, ufunguo umepotea," mkuu aliwahi kusema, huku akimkazia macho mwalimu. "Si ndiyo, mwalimu?"

Kiti cha naibu kilimjia mwalimu mbele ya macho, pamoja na mto wake laini wa kukalia.

"Tumeutafuta kila mahali," alisema. "Hauonekani."

Binti yake hakupandisha sauti.

"Baba, uko mfuko wa kushoto."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikumbuka vile vikombe vilivyopoa mezani asubuhi baada ya asubuhi, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Akautoa ufunguo. Mkuu alinyoosha mkono, ofisa naye akanyoosha wake, lakini mwalimu aliwapita wote wawili akampa binti yake.

Kiti kilikwenda kwa mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi wake hawajawahi kudai chochote. Maua yakapandwa kwa hotuba na makofi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliketi mezani, gazeti likiwa limekunjwa. Binti yake alikunywa chai mpaka tone la mwisho, akakisukuma kikombe upande wa mama yake.

"Mama, niongezee."