Chini ya Daraja la Kiringye

Sylvestre aligonga gogo la tatu la daraja kwa kisogo cha shoka, akatega sikio, akagonga tena. Ng'ambo ya mto, Libérate alimtazama, magunia yake ya mpunga yamepangwa ukingoni. Mtu asiye na mzigo angeweza kuvuka kwa miguu, maji yakimfika kifuani. Mwenye gunia, hapana. Na juu ya milima ya Rurambo mawingu ya mvua yalikwisha kutanda. Mto ukifurika usiku, mavuno yake ya msimu mzima yangekwenda ziwani.

"Ajida, nipite?" Libérate akauliza.

Sylvestre alikuwa amestaafu kitambo katika kikosi cha mafundi wa jeshi, lakini kijijini Kiringye walimwita bado kwa cheo chake cha ajida.

"Ngoja nishuke kwanza, Mama Chance."

Akaingia majini, akasimama chini kabisa ya magogo.

"Unatafuta samaki huko?"

"Kwetu jeshini, mwenye kutengeneza daraja anasimama chini, muzigo ya kwanza inapita. Ikianguka, imwangukie yeye."

Libérate akatua gunia alilokuwa ameanza kulibeba. Kila sikukuu alimwona na medali kifuani, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walidai aliangusha ndege.

"Ndiyo ile medali?"

"Risasi zilikuwa zinatoka kilimani. Malori ya majeruhi ikaanza kupita, na kabari moja inacheza. Nitatoka namna gani? Nikaisukuma na bega mpaka lori ya mwisho. Wakubwa wakasema ni ujasiri."

"Na weye unasema nini?"

"Minye nasema bega ilivimba."

Libérate akacheka, akajitwika gunia, akakanyaga daraja. Hatua chache tu, sauti ikatoka chini, ya upole kama kawaida.

"Simama. Rudi kinyumenyume, polepole."

Akarudi. Sylvestre alikuwa amebandika kiganja kwenye gogo la tatu.

"Imeoza ndani. Juu haionekane."

"Mvua je?"

Sylvestre akavuka majini hadi kwake, na pamoja wakapandisha magunia yote hadi juu ya kichuguu kikubwa, wakayafunika turubai. Kisha akarudi kuchonga gogo jipya la mkaratusi. Giza lilipoingia, nusu lilikuwa jeupe, nusu bado na maganda.

"Kesho," akasema, akililaza shoka.

Libérate, ameketi kichuguuni kulinda mpunga wake, akamwita:

"Ajida, ukiwa huko chini, ile gogo inakuambia nini?"

"Kesho utashuka, usikilize mwenyewe."