Sikio la Chepngeno

Wiki nzima Chepngeno hakuvua kitambaa kichwani. Alichuna nacho majani, akakama nacho ng'ombe, akaenda nacho kanisani. Chini yake sikio la kushoto lilikuwa limeumuka kama andazi lililozidiwa na hamira, na likimpwita mpaka kwenye meno.

Alikuwa ametobolewa sehemu ya juu, pale penye gegedu, na Akello, mwanamke wa asili ya ziwani mwenye saluni kule Kapsoit. Akello alimwekea kipini kidogo cheupe, kisha akamwonya kama anavyowaonya wote: "Uoshe na maji ya chumvi, ichemke kwanza halafu ipoe. Usishikeshike. Na ikianza kuvimba, my dear, usingoje. Enda hospitali."

Chepngeno aliitikia, lakini shambani mkono haukai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, na kila sikio lilipowasha aliligusa, akakizungusha kipini. Lilipoanza kuvimba akalipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Usaha ukatunga ndani, nyama ikakimeza kipini hadi kikabaki kuonekana upande wa nyuma tu. Hospitali hakwenda, kwa sababu ya kakake. Tangu baba yao afariki, Kipkirui alijitwalia boma, na watu wa boma akawatwaa pamoja nalo. Mama yao, Rodah, alikuwa na pengo mbele, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuuliza lile jino lilikwenda wapi.

Jumamosi asubuhi walikuwa shambani wote watatu, huko Sigowet. Kipkirui alikuwa akipogoa michai mizee upande wa chini. Alipopanda kuja kunywa maji alisimama karibu na dadake, akavuta pumzi kwa pua.

"Nini inanuka hapa?"

"Sijui," Chepngeno akasema.

"Hiyo kitambaa unaficha nini?"

"Nimeshikwa na baridi."

Akamzaba kofi. Hakukusudia sikio, alikusudia uso, lakini Chepngeno alikuwa amegeuka. Jipu likapasuka chini ya kitambaa. Usaha na damu vikamtiririka shingoni, akaanguka kati ya michai. Kipkirui akakipokonya kitambaa na kuona.

"Kumbe umejitoboa mpaka huko juu. Baba angekuwa hai ungefanya hivyo?"

"Muache, Kipkirui," Rodah akasema. "Huyo ni mgonjwa."

Hakumwacha. Alimkandamiza kifuani kwa goti, akabana kile kipini kwa nyuma kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena kwa kukizungusha, na safari hii kikatoka na kipande cha sikio. Chepngeno alisikia gegedu likichanika ndani ya kichwa chake mwenyewe, sauti kama ya kitambaa kipya kinachopasuliwa dukani.

Kipkirui akautazama mkono wake uliojaa damu kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemmwagia.

"Nani alikufanya hivi?"

Chepngeno alikuwa akitafuta pumzi. Goti lilikuwa bado kifuani. Ni Rodah aliyejibu, kwa haraka, ili goti liondoke: "Ni yule mama wa saluni. Akello wa Kapsoit."

Goti likaondoka. Kipkirui akaliokota panga la kupogolea, akashuka barabarani na kupanda bodaboda.

Rodah alimsihi bintiye alale chini, lakini Chepngeno aliliziba sikio kwa kitambaa kilekile akasimama. Alimjua kakake. Alisimamisha bodaboda na kumwambia dereva aende mbio, asimwulize kitu.

Alikuta kioo cha saluni kimeshavunjwa. Wateja walikuwa wamekimbilia nje, mmoja amesukwa nusu kichwa. Ndani Akello alikuwa amebanwa kwenye kona, beseni la maji moto ya kuchovya rasta mikononi mwake.

"Mimi nilimwambia aende hospitali," Akello alikuwa akisema. "Muulize."

"Umeharibu msichana wetu. Rudini kwenu huko ziwani."

"Kwangu ni hapa. Watoto wangu wamezaliwa hapa."

Kipkirui akainua panga. Akello akamrushia maji yale kifuani, na Kipkirui akanguruma, lakini panga lilikuwa tayari njiani. Akello alikinga kwa mkono wa kushoto. Likakata juu ya kifundo mpaka mfupani.

Chepngeno alimrukia kakake mgongoni na kumng'ata bega. Kipkirui alimtupa juu ya vipande vya kioo na kumgeukia.

"Nakupigania na unaning'ata?"

"Aliyenipasua sikio si yeye," Chepngeno akasema. "Ni wewe. Mimi nililichafua kwa mikono yangu, wewe ukalipasua. Yeye hakufanya kitu."

Alisema hayo kwa sauti, na mlangoni walikuwa wamejaa vijana wa bodaboda, wa huku na wa ziwani, wote wamesikia. Walimwangusha Kipkirui kwa jiwe la kwanza. Wakamburura hadi kwenye changarawe, wakampiga kwa mateke, kwa rungu, kwa helmeti. Chepngeno alitazama taya la kakake likihama mahali pake. Alingoja huruma imjie, haikuja, na hilo likamtisha kuliko damu. Aliona mguu ukishuka juu ya mbavu za Kipkirui, akatamani mguu huo uwe wake.

Kisha mtu akasema petroli iletwe. Hapo ndipo Chepngeno alipoingia katikati yao, akajilaza juu ya Kipkirui. Teke moja likampata kiunoni kabla hawajatambua ni nani.

"Mkimchoma," akasema, mdomo ukiwa kwenye changarawe, "nitakosa mtu wa kumshtaki."

Wakasita. Akello, mkono umefungwa kwa taulo, akasema kutoka mlangoni, "Sitaki mtu afe kwa mlango yangu." Polisi wakafika baadaye kidogo.

Hospitalini daktari alimwosha Chepngeno kidonda bila haraka, akakata nyama iliyooza.

"Huku juu hakuna damu nyingi," akamweleza, "kwa hivyo dawa hufika polepole na gegedu hufa haraka. Ungekuja siku ya kwanza ya joto na uvimbe, tungekupa dawa na sikio lingebaki. Na kipini haking'olewi hivihivi. Kikitoka, tundu linajifunga, usaha unabaki ndani. Sasa sikio halitarudi lilivyokuwa. Nisikudanganye."

"Sawa, daktari."

Rodah alimngoja nje. Akamkamata mkono.

"Waambie polisi ulianguka. Ni ndugu yako, Chepngeno. Chai itachunwa na nani, ng'ombe watakatiwa majani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Watamfunga."

"Na mkono wa Akello, Mama? Nao ulianguka?"

Rodah akaachilia mkono wake. Chepngeno akaingia chumba alimoketi askari wa kike aliyekuja kuandika taarifa, akasimulia yote, akianza na kofi, na la utomvu na mafuta ya ng'ombe hakuliacha.

Kipkirui alihukumiwa kifungo cha miaka kadhaa, huku taya likiwa limefungwa waya. Vidole viwili vya Akello havikuwahi kukunjika tena; siku hizi anatengeneza nywele tu, kusuka amemwachia mwingine, na kutoboa amekataa kabisa. Sikio la Chepngeno lilinywea likajikunja kama uyoga uliokauka.

Kwa muda mrefu Rodah hakuzungumza na bintiye ila mambo ya ng'ombe. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe, kisha akamwita jikoni na kumwosha kidonda kwa pamba.

Asubuhi moja pamba ilimgusa palipokuwa pabichi, Chepngeno akashtuka.

"Inauma?" Rodah akauliza.

"Inauma, Mama."

Rodah akachovya pamba nyingine, akaendelea polepole zaidi.