Ibada ya Mawe Kwenye Kona ya Mikaratusi

Usiku wa jana, amina haijatoka vizuri mdomoni, niliota koti la mvua la marehemu mume wangu linashuka kwenye msumari wake.

Halikuanguka. Lilishuka polepole kama mtu anayeshuka kitandani, likajikung'uta, likakohoa kama mwenyewe alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo la nyumbani. Nikakaa kitandani nikalitazama. Tangu tumzike linaning'inia pale nyuma ya mlango, na sijawahi kulisikia likilalamika.

"Mama Amba," likasema, "amka twende. Mtoto ameacha kitu barabarani."

"Kitu gani?"

"Vaa viatu."

Ndivyo alivyokuwa mume wangu, maneno aliyatoa kama chumvi. Nikavaa viatu.

Niseme kwanza jambo moja ili mnielewe. Mwanangu Ambakisye ana gari, Canter, anabeba viazi kutoka kwetu Isongole kupeleka Mbeya mjini. Jana alirudi jioni amelowa chapachapa, akala ugali wake kimya. Nikamwuliza safari ilikuwaje, akasema, "Nzuri tu, mama." Mvua ilikuwa inapiga bati tangu mchana. Nikamwambia kesho asitoke alfajiri, maana masika kama haya ukungu wa kwetu unamficha mtu pua yake mwenyewe. Akacheka. "Mama, hii njia naijua hata nikifumba macho." Nikasali, nikalala na hilo neno lake la kufumba macho.

Basi tunatoka, mimi na koti. Nje si uani kwangu. Barabara ya lami inaanzia kwenye mafiga yangu, inapita katikati ya migomba, inateremka. Na Canter ya Amba ndiyo hiyo inapita. Yeye yuko kwenye usukani, macho ameyafumba kama mtu anayeombewa, anatabasamu.

"Amba! Fumbua macho!"

"Naijua hii njia, mama!" anajibu. Anapita, na viazi vyote kwenye magunia vinanipungia mkono.

"Tuwahi kona ya mikaratusi," koti linasema. "Akitangulia yeye, hafiki."

Nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, na gauni la kulalia, nikakimbia.

Sijafika mbali nikakuta kizuizi. Pembeni pana mizani kubwa ya kupimia magunia, na juu ya mizani amekaa chura. Amevaa sare nyeupe ya trafiki, imepigwa pasi vizuri kabisa.

"Simama hapo, mama. Unakiona kibao?"

Kibao kimeandikwa PUNGUZA MWENDO.

"Nakiona, afande."

"Umepunguza?"

"Mimi natembea kwa miguu."

"Sijauliza miguu. Panda mizani."

Nikapanda. Mshale ukazunguka mpaka ukagonga mwisho. Chura akatikisa kichwa. "Mtu mzima una mwendo wa gunia zima! Jua lingewaka ningekuacha. Leo lami imelowa, kila mtu anabaki na nusu yake."

Akachukua debe akaanza kuuchota mwendo wangu mfukoni mwa koti. Sikujua kama mwendo unaonekana. Una rangi ya dona na hautulii, unarukaruka kama bisi. Akaumwaga mtaroni. Konokono mmoja aliyekuwa anajipitia zake akaukanyaga, akachomoka kwa kasi mpaka gamba lake likabaki nyuma. Baadaye akarudi kulichukua, amefedheheka.

"Naye nitampima," chura akasema.

Nikageuka, kumbe Canter ya Amba imesimama nyuma yangu kwenye foleni, macho ya mwenyewe bado yamefumbwa.

"Dereva, leta mwendo huo nipunguze."

"Afande, soko halinisubiri."

"Sisi hatuna haraka!" viazi vikapaza sauti kutoka nyuma. "Hatuozi leo!" Vikaimba hayo maneno kwa sauti nne. Besi ilitoka magunia ya chini.

"Nyamazeni," Amba akasema. "Nyinyi mmebebwa tu."

"Ndiyo maana tunasema," vikajibu.

Chura akaleta mikeka iliyokunjwa. "Huu ni umbali," akamweleza Amba, kama anayemfundisha mtoto kuvaa shati. "Unautandika mbele ya gari lako, kati yako na aliyetangulia. Jua likiwaka, mkeka mmoja. Mvua ikinyesha, miwili. Ukungu ukishuka, unakaa kwako na mikeka yako."

Mbele kidogo palikuwa na basi. Lenyewe lilikuwa limeukunja mkeka wake na kuukalia.

"Kalia tu," chura akaliambia. "Utautafuta."

Amba akaanza kubishana naye habari ya debe. Koti likanivuta mkono. Tukapita chini ya kizuizi.

Sasa natembea kwa nusu ya mwendo wangu, na ajabu ni kwamba naona vitu. Naona maji yanavyopita juu ya lami. Naona mafuta yanavyong'aa juu ya maji. Naona tairi moja limeketi kando ya barabara peke yake, limeinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni tairi la nani?"

"La mwanao. Mimi ni spea. Jana nimetolewa usingizini, nikafungwa mahali pa mwenzangu aliyepasuka."

"Kwani Amba alipasua tairi jana?"

"Hakukuambia?"

"Aliniambia safari ilikuwa nzuri."

Tairi likatazama upande wa pili. "Basi mimi sijasema kitu."

Nikalitazama vizuri. Kipara kitupu, kinang'aa kama sahani. Likaona ninakiangalia. "Ni umri, mama. Lami ikiwa kavu najitahidi. Ikilowa sina kucha za kushikia. Maji yananiinua, naanza kutembea juu yake. Na kutembea juu ya maji si kazi ya tairi."

"Si kazi ya tairi," nikakubali.

Nikaongeza, "Nikufumie kofia?" maana nilikuwa na sufu imebaki nyumbani.

"Asante, mama. Kofia haina kucha."

"Basi rudi kwenye gari umwambie aende taratibu."

"Huwa hanisikilizi. Kila asubuhi ananipiga teke moja, anasema mzima huyu, tunaondoka."

Likajiviringisha likarudi kwa Amba, linahema. Mimi na koti tukaendelea mpaka mahali ambapo barabara haikuwapo tena. Mwanamke mmoja mnene sana alikuwa ameikalia. Amevaa nguo nyeupe tupu, miguu ameinyoosha kutoka mtaro huu mpaka mtaro ule, kichwa chake sikukiona kilipoishia. Nikajua ni Ukungu.

"Habari za hapa, dada."

"Nzuri, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Naomba usogee kidogo, mwanangu anapita."

"Nimepanda mlima tangu bondeni huko Kiwira," Ukungu akasema, anajisugua magoti. "Sinyanyuki mpaka Jua aniletee chai."

"Naona leo Jua amechelewa."

"Jua hajawahi kuchelewa. Ni nyinyi mnaowahi."

Nyuma yangu nikasikia Canter inanguruma, imeshaachiwa kule mizani. Ukungu akanitazama akanihurumia. Akainua pindo la nguo yake. "Wewe pita hapa chini. Ila nyamaza, kuna watu wamo ibadani."

Nikainama nikapita. Ndani ni kona ya mikaratusi, naijua. Lakini pia ni kanisani kwetu. Mabenchi yamepangwa juu ya lami, na lile bango la kwaya liko pale pale linapokaa siku zote. Katikati ya barabara, kwenye benchi la mbele, yameketi mawe matatu: jiwe kubwa, na wadogo zake wawili. Nyuma yao matawi ya mkaratusi yamepiga magoti, yamelowa mpaka yanatetemeka.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina," yakajibu yote.

"Jamani, mnafanya nini katikati ya barabara?"

Jiwe kubwa likasimama kunijibu, kwa heshima. "Jana kijana mmoja alituomba tumshikie gari lisirudi nyuma wakati anabadilisha tairi. Hawa matawi akawaomba wakae kule nyuma, wawatahadharishe wanaokuja. Akatuambia, kaeni hapo hapo, msibanduke. Akamaliza kazi yake, akapanda, akaondoka. Hajatuambia tutoke."

"Kijana gani huyo?"

"Mrefu, amelowa. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya, ameukosea mahali pa kati."

Hakuna mwingine. Ni wangu.

"Sasa tokeni, watoto wangu. Huyo huyo ndiye anakuja, na hatawaona."

"Tunajua," jiwe kubwa likasema kwa huzuni. "Pikipiki moja imetukwepa ikaingia kwenye shamba la chai. Mwenyewe ametoka na majani ya chai masikioni, anacheka, lakini sisi tumeumia moyo. Tutafanyaje? Ibada haijafungwa."

Nikalishika nikalivuta. Halikutikisika. Nikawashika wadogo zake, nao vile vile. Mngurumo wa Canter ukakaribia. Nikasikia na viazi vinaimba. Nikalitazama koti, na koti likanitazama mimi. Hata mwenyewe alipokuwa hai, jambo likiwa la kanisani aliniachia mimi.

Ndipo nikaelewa. Kwetu hakuna anayetoka kabla ya baraka, hata mvua ivujie benchini, hata mtoto alie. Ukitoka kabla, Jumapili inayofuata kina mama watakuuliza.

"Nani huwa anawafungia?" nikauliza.

"Mchungaji."

"Hayupo."

"Basi mzee wa kanisa."

"Naye hayupo."

Jiwe dogo la mwisho likanyoosha shingo. "Mzazi wa aliyetuweka je?"

"Huyo yupo," nikasema. "Ndiye mimi."

Nikasimama mbele yao. Nikaushika mkono wa koti, nikafumba macho, kisha nikayafumbua tena, maana usiku ule nilikuwa nimechoka na watu wa kufumba macho barabarani. Nikaomba hivi:

"Baba, hawa wamefanya kazi waliyoombwa, na aliyewaomba amesahau kuwashukuru. Mimi mama yake nawashukuru. Wape pumziko kando, mahali pasipopita gari. Na mwanangu umfumbue macho yake. Amina."

"Amina," yakasema mawe, na yakainuka.

Sasa mnajua sisi tunavyotoka. Linaanza benchi la mbele, watu wanatoka wanaimba, huko nje wanapanga mstari, kila mmoja anampa mkono mwenzake. Ukiruka mtu mmoja, ni kama umemsema vibaya. Mawe yakatoka hivyo hivyo, na jiwe halina haraka hata ya nusu debe. Taa za Canter zinaonekana, njano kama mayai mawili, na jiwe kubwa bado linanisalimia, linaniuliza habari za nyumbani.

"Nzuri, nzuri, wote wazima, sogea!"

Likasogea. Wadogo zake wakafuata, mikono yao baridi kama ya mtu aliyetoka kufua. Yakafuata matawi. Tawi la mwisho halikuwa na mkono wa kunipa, likatia jani mfukoni mwa koti. Mawe yakaketi kwenye majani, ng'ambo ya mtaro, yakashusha pumzi.

Canter ikatokea. Inakuja taratibu, imetandika mikeka miwili mbele yake, matairi yake, la kipara na yenye kucha, yote yanakanyaga kwa adabu. Ikasimama mbele yangu. Amba amefumbua macho, makubwa.

"Mama! Unafanya nini huku na koti la baba?"

"Nafunga ibada."

Koti likakohoa. Nikaamka.

Mvua ilikuwa imekatika. Dirishani kulikuwa kweupe, lakini si weupe wa asubuhi. Weupe wa nguo ya yule dada. Amba alikuwa mlangoni, ameshavaa, anazungusha ufunguo wa gari kidoleni.

"Mama, mimi natangulia."

"Amba. Jana pale kona ya mikaratusi, ulipobadilisha tairi, yale mawe uliyatoa?"

Ufunguo ukasimama.

"Nani kakuambia habari ya tairi?"

"Uliyatoa?"

Akajikuna shingo. "Mvua ilikuwa kubwa, mama. Mikono imekufa ganzi. Nilitaka kuyatoa, halafu..." Nikaona anaiona ile kona kichwani mwake, na anajiona mwenyewe anaifikia ndani ya ule weupe, na spea yake. Kisha macho yake yakaniacha, yakaenda nyuma ya mlango.

"Mama, ulitoka usiku?"

Nikageuka. Koti lilikuwa kwenye msumari wake, limetulia kama siku zote. Mkono wake wa kulia ulikuwa unadondosha maji, tone baada ya tone, na chini sakafuni palikuwa na kidimbwi.

Nikatia mkono mfukoni mwake. Nikatoa jani refu, jembamba, limelowa. Nikalinusa, nikampa naye anuse. Uani kwetu kuna migomba na parachichi. Mkaratusi hakuna.

Amba akauweka ufunguo mezani. Akavuta kiti akakaa, akatoa simu akampigia fundi, akamwuliza kama ana tairi zima la kuuza. Alipokata alikuwa bado amelishika lile jani.

"Sasa tunasubiri nini?" akauliza, kwa sauti ya chini, anatazama kule nje kweupe.

"Kuna mgeni kaikalia barabara," nikamwambia, nikapuliza moto nikainjika birika. "Mwache anywe chai yake kwanza. Na wewe kunywa yako."