Kikohozi cha Shangazi

Tabibu wa kituo cha afya alijigamba kwamba kifua kikuu anakitambua toka mlangoni. Akisikia tu lafudhi ya wahamiaji wa kambini, hata mgonjwa hajakaa, alishampa kikopo cha makohozi na kumwelekeza benchi la nje. "Huu ni ugonjwa wao," aliwaambia wauguzi, nao wakacheka. Watu wa kabila lake wakikohoa, aliwaandikia dawa ya maji na kulaumu vumbi.

Ndivyo alivyomtibu shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shangazi alikonda, akawa anaamka shuka limelowa jasho, na tabibu akawa anambadilishia chupa tu.

Siku moja shangazi aliporudi kituoni alikuta foleni ndefu na jua kali. Akajitanda mtandio, akaenda kukaa kivulini, kwenye benchi la nje. Mtaalamu wa maabara, mgeni kazini, alimkuta kati ya wahamiaji, akamdhania mmoja wao, akampa kikopo. Shangazi hakubisha, alidhani tabibu, mwanawe wa kulea, ndiye aliyeagiza.

Majibu yalipotoka, tabibu aliyarudia kuyasoma. Vijidudu vilikuwa tele. Alimwita shangazi chumbani, akafunga mlango, akamweleza macho yakiwa sakafuni. Shangazi akauliza kwa nini hakupimwa tangu mwanzo. Tabibu akaanza habari za vumbi la vitambaa, akaacha katikati.

"Nilidhani ni ugonjwa wa wale," akasema mwishowe.

"Kwa hiyo ningekuwa wa kwao, mwanangu, ungenipima siku ya kwanza."

Hakumfokea. Heri angemfokea.

Wasichana ambao shangazi alikuwa akiwafundisha kushona walipimwa, na mmoja akakutwa na ugonjwa. Tabibu alikwenda mwenyewe kwa mama wa binti yule. Akaketi ukumbini, akasema kosa ni lake, huku shati likimganda mgongoni.

Dawa ziliwafaa wote wawili. Ila pumzi ya shangazi haikurudi yote; cherehani ya miguu ikamshinda, akabaki kukata vitambaa. Tabibu sasa humpima kila anayekohoa wiki mbili, awe wa popote. Akienda kumjulia hali, shangazi humpokea kwa bashasha, akamuuliza habari za watoto na za kazi. Tabibu hujibu ameinama, akijifanya anakunja vitambaa.